Visigino vya Nyambura wa Endarasha

Mtoto akiletwa kwako kwa ajili ya kisigino, usikimbilie kisigino. Kaa kitini, kunja mikono, umtazame anavyoingia mlangoni. Ninyi vijana mnaosomea fiziotherapia siku hizi mna mashine zinazolia na taa zinazowaka, na mimi sina ugomvi na mashine. Lakini mashine hazimwoni mtoto akiingia. Mtoto anayeumwa na visigino huingia kama mwizi wa kuku, kwa vidole. Ukiliona hilo umemaliza nusu ya kazi, na bado hujasimama.

Nimeombwa niwaeleze kidogo kuhusu kazi yangu, nami nimekubali kwa sababu nimetazama huku na huku nisione mwingine anayeweza kuieleza vizuri. Nilizaliwa karibu na Karatina, katika nyumba ambayo haikuwa na kiti hata kimoja cha kuegemea. Hospitalini nilianza kwa kusukuma vitanda. Nikasoma kwa njia ya posta, nikavuka bahari, nikakaa Uskochi kwenye baridi ambayo sitawaeleza kwa sababu hamtaamini, nikarudi. Wenzangu wengi walirudi na koti na lafudhi. Mimi nilirudi na koti, lafudhi na diploma. Lafudhi iliisha upesi. Diploma niliitundika ukutani, mahali ambapo mgonjwa akilala chali hana kingine cha kutazama.

Nilikuwa mtu wa pili mjini Nyeri kwenda kazini na koti jeupe la mikono mifupi. Wa kwanza alikuwa kinyozi. Miezi ya mwanzo watu waliingia kwangu, wakakaa, wakaniomba niwapunguzie za nyuma tu. Niliwaonyesha diploma. Mmoja aliisoma yote, kisha akaniuliza kama kwa sababu hiyo mimi ni ghali kuliko yule mwingine.

Hiyo ilikuwa miaka ya sabini. Nchi ilikuwa yetu, shule zilikuwa zinajaa, na kila mzazi kutoka Othaya hadi Timau alitaka mtoto wake apite mtihani wa darasa la saba. Watoto walikuwa wanakimbia kila mahali: shuleni, dukani, mtoni, kwa jirani kuomba moto. Halafu siku moja kisigino kinagoma.

Mwalimu wangu wa Uskochi, bibi mmoja mfupi aliyevaa viatu vya wanaume, alinifundisha kisigino cha mtoto kwa asubuhi moja. Alisema, "Kijana, mfupa huu wa mtoto bado si kitu kimoja." Nyuma kabisa, pale kano nene ya mguu inaposhikilia, kuna kipande cha mfupa mchanga kilichoungwa kwa gegedu laini. Mtoto akianza kurefuka ghafla, mifupa hutangulia na misuli ya shavu la mguu hubaki nyuma, ikawa mifupi mno kwa mguu mpya. Basi kila hatua ile kano inakivuta kile kipande. Mtoto akiruka, inavuta. Akipanda mlima, inavuta zaidi. Kipande kinavimba kwa ndani, na mtoto anaanza kutembea kwa vidole ili kano ilegee. Ukitaka kuhakikisha, usibonyeze chini ya kisigino. Kishike pembeni, huku na huku, kama unayepima embe, ukaminye. Kama ndicho, mtoto atakuambia bila kufungua mdomo.

Aliniminya mimi kwanza ili nione mahali. Nilikuwa mtu mzima na bado nilisikia.

Huku kwetu hakuna aliyejua habari za kipande. Kwetu mtoto akisema kisigino kinauma, kuna neno moja tu: funza. Anakalishwa juani, mama au nyanya anachomoa pini kwenye shuka, na kazi inaanza. Nimeona visigino vizima kabisa, visigino ambavyo funza hajawahi hata kuvipita karibu, vimetobolewa kama kichujio cha chai. Na pini ile ile jana yake ilikuwa imefunga nepi. Wengine waliletwa kwangu kwa kidonda cha pini, na maumivu ya kwanza yakiwa bado yapo pale pale.

Sasa niwaambie habari za Nyambura, kwa sababu ndiye aliyenifundisha sehemu ambayo Uskochi hawakuifundisha.

Aliingia asubuhi ya siku ya kliniki, msichana wa miaka kumi na miwili, mwembamba, mrefu kama aliyerefuka wiki iliyopita. Alitembea kwa vidole. Nyuma yake alikuwa nyanya yake, na mbele yake alikuwa baba yake, Mzee Gichuki, mkulima wa Endarasha, mwenye kofia nyeusi na koti zito la sufu ambalo hakulivua siku nzima.

"Daktari," alisema, "tunataka magongo."

Sikuwa daktari, lakini sikumkatiza. "Ya nani?"

"Ya huyu. Amevunjika miguu."

"Upi?"

"Yote."

Nilimtazama mtoto aliyevunjika miguu yote. Alikuwa amesimama, anasoma diploma yangu.

"Mimi siongei maneno tu. Niko na ushahidi," mzee akasema, akatoa picha ya eksirei ndani ya koti. Walikuwa wamepitia kliniki moja ya watu binafsi, na huko kijana fulani aliyeshika picha hiyo alisema mfupa umekatika vipande, afungwe plasta miguu yote miwili mpaka magotini, na waje hospitalini kwetu kuchukua magongo. Mzee aliinua picha dirishani kama anayeonyesha ng'ombe mnadani. "Ona hapa. Vipande. Hata mtu hajasoma anaona. Nimeonyesha watu Endarasha yote, wote wameona."

Niliketi chini, nikashika kisigino cha Nyambura pembeni, nikakiminya. Alivuta pumzi, akang'ata mdomo wa chini, akatazama dari. Nikaminya cha pili. Hivyo hivyo.

"Huyo hawezi kulia," nyanya akasema kwa majivuno. "Hata nikimchimba funza halii."

"Ulipata funza wangapi, Cucu?" nikamuuliza nyanya.

"Sijapata hata mmoja. Wamejificha ndani."

Nilimwomba Nyambura aeleze mwenyewe. Aliniambia visigino vilianza mvua za masika zilipoanza. Asubuhi akiamka ni afadhali, akishatembea vinawaka. Kwa sababu hiyo alikuwa anachelewa shule kila siku. Mwalimu mkuu alimchapa mara kadhaa, kisha akachoka kumchapa, akasema mtoto anayechelewa namna hiyo ataandikwa kurudia darasa badala ya kufanya mtihani.

"Na akirudia, harudii," mzee akasema. "Anakaa nyumbani na ng'ombe. Niko na wengine wa kusomesha."

Alisema bila hasira, kama anayetaja siku ya soko. Nilikuwa bado nimeshika mguu wa Nyambura, na mguu ulikaza wote.

Sasa sikilizeni, kwa sababu hili litawapata. Picha ya eksirei ya kisigino cha mtoto inadanganya. Kile kipande cha nyuma huonekana cheupe sana na kilichopasuka, kama sahani iliyoanguka. Ndivyo kinavyoonekana pia kwa watoto wasioumwa. Kijana wa kliniki alijua mifupa ya watu wazima, akamsoma mtoto kama mtu mzima. Nilikwenda chumba cha picha, nikatafuta picha ya mtoto mwingine wa umri ule ule, mmoja aliyeletwa kwetu kwa kidole gumba cha mguu kilichokatwa na jembe, ambaye kisigino chake hakijamuuma hata siku moja. Nikaziweka zote mbili dirishani. Zilifanana kama mapacha. Nikampelekea daktari wetu, mtu wa haraka. Akazitazama, akasema, "Sawa, hakuna plasta," akaenda kunywa chai.

Nilirudi kwa mzee nikiwa na furaha, nikamwonyesha. Nilieleza vizuri sana. Nilieleza kwa Kiswahili, nikaeleza kwa Kikuyu, nikachora ubaoni. Mzee alitazama picha hii, akatazama ile.

"Kwa hivyo hajavunjika," alisema.

"Hajavunjika."

"Basi ni mwongo."

Hilo ndilo wasilofundisha Uskochi. Nilidhani nimemletea habari njema, kumbe nimemwondolea mtoto shahidi wake. Kabla sijafungua mdomo alikuwa mgonjwa. Sasa alikuwa mvivu anayekwepa kazi, na mtaalamu mwenye diploma ametia sahihi. Kati ya mfupa uliovunjika na uongo, Mzee Gichuki hakuwa na mahali pa tatu pa kumweka binti yake.

Nilimuuliza Nyambura siku yake ilivyo, tangu anapoamka. Anaamka giza halijaisha, maziwa yakikamuliwa. Anabeba mkebe wa maziwa mgongoni, ukamba kwenye paji la uso, anashuka hadi mtoni, anavuka, anapanda mlima hadi deri, pale maziwa yanapokusanywa. Akishapimiwa, anarudi nyumbani na mkebe, kisha anakwenda shule.

"Shule iko upande gani?"

"Upande wa deri."

"Kwa hiyo unapanda mlima ule ule mara mbili."

"Mkebe lazima urudi," mzee akanieleza, kama anayemweleza mgeni. "Mkebe ukiwachwa deri unaibiwa."

Ninyi mliokulia mjini huenda hamjui ukamba. Mwanamke wa kwetu habebi kichwani wala begani. Mzigo unakaa mgongoni, ukamba unapita kwenye paji la uso, naye anainama mbele. Ni namna nzuri ya kubeba, lakini mtazameni mtu aliyeinama hivyo anapopanda mlima: kila hatua goti linakwenda mbele, kisigino kinabaki nyuma, na kano inanyooka kama waya wa nguo. Kwa mama mtu mzima si kitu. Kwa mtoto mwenye mfupa mchanga, huwezi kubuni mashine nzuri zaidi ya kumuumiza. Nami nimeona mashine nyingi.

Nikamwambia mzee dawa. Hakuna sindano, hakuna kisu. Asibebe mzigo wala kukimbia kwa muda. Tutamwinua visigino kidogo ndani ya viatu ili kano ilegee. Jioni aweke miguu kwenye maji ya mto, yale baridi ya kutoka milima ya Nyandarua, ambayo hata samaki wanayalalamikia. Na asukume ukuta: mikono ukutani, mguu mmoja nyuma, kisigino kikigusa chini, polepole, mpaka shavu la mguu lirefuke.

"Asukume ukuta," mzee akarudia.

"Ndiyo."

"Na maziwa itabebwa na nani? Wewe na diploma yako?"

Nilimwambia diploma yangu si ya maziwa. Nikauliza waliopo nyumbani. Kaka zake wako Nairobi kazini. Mama ana mtoto mchanga, na wadogo wengine hawafiki hata urefu wa mkebe. Nyanya ana magoti, na nilikuwa nimeshayaona. Baiskeli haivuki gogo la mtoni, punda halikadhalika.

"Na wewe, mzee?"

Nyanya alianza kutafuta kitu kwenye kikapu chake, na hakikuwemo. Mwanamume wa Kieni, huko kwao Endarasha, hubeba begani au kwa mkokoteni. Kuvaa ukamba kwenye paji la uso, mbele ya watu, ilikuwa ni kama kumwambia avae sketi aende barazani.

Mimi si mtu wa kushindwa upesi. Tulikuwa na ngazi za mbao za mazoezi, vipandio vichache visivyokwenda popote. Nikafunga mfuko wa mchanga kwa ukamba, nikamwambia, "Vaa, upande hizi tu. Nataka usikie kwa mguu wako."

"Mimi? Ukamba?"

"Vaa, Gichuki," nyanya akamwambia mwanawe. "Hakuna mtu anakuona ila huyu wa koti ya kinyozi."

Alivua kofia, akaniwekea mikononi, akavaa. Alipanda. Nilipiga magoti nyuma yake, nikaweka kidole kwenye kano ya mguu wake wa kulia, ngumu kama chuma. "Unasikia hapa?" Alishuka, akapanda tena bila kuambiwa. Kisha akavua ukamba, akachukua kofia, akaivaa vizuri mbele ya kioo cha wagonjwa.

"Kijana," aliniambia, na nilijua nimeshuka cheo, "umenifanya mwanamke mbele ya mama yangu na mtoto yangu."

Akawatoa nje. Hakuchukua tarehe ya kurudi. Nyambura alitoka wa mwisho, kwa vidole, akasema, "Asante, daktari," kwa sauti ya mtoto ambaye keshajua ng'ombe anaowaendea.

Siku zile sikujisikia vizuri. Niliendelea na kazi, na kazi yenyewe niliifanya vizuri, hilo siwezi kulificha. Wiki hiyo hiyo aliletwa mtoto kutoka mashamba ya ngano ya Timau, amevaa gambuti za baba yake, kisigino kimoja tu kinamuuma. Kila mtu alidhani ni gambuti. Lakini alikuwa na homa, kisigino kilikuwa chekundu na cha moto, na mama alisema mtoto haumwi akikimbia tu, anaumwa hata akiwa amelala. Sikumwambia asukume ukuta. Nilimpeleka kwa daktari siku ile ile, na ndani ya mfupa mlikuwa na usaha. Liandikeni hili mahali mtakapoliona: homa, wekundu, uvimbe, maumivu ya kulala, hayo si kukua. Kukua hakuna homa. Walinisifu, nikapokea.

Lakini kila nilipofunga mlango nilimwona Nyambura na ng'ombe. Nilikuwa sahihi kwa kila kitu, na mtoto angekosa shule hivyo hivyo.

Jumamosi nilikwenda Chaka kwa fundi wa akala, viatu vya tairi, yule aliyekuwa akikaa karibu na barabara ya Nanyuki na rundo la tairi kuukuu. Nilimchorea ninachotaka: vipande viwili vya mpira vyenye umbo la kabari, nene nyuma, vikiisha mbele bila kitu, vya kuingia ndani ya kiatu cha mtoto.

"Hii ni ya nini?" akauliza.

"Ni ya kuinua kisigino."

"Wanawake wa Nairobi wako na viatu kama hiyo."

"Hii ni ya tiba."

"Hata wao wanasema hivyo," alisema, akakata. Alikata vizuri. Nikavifunika kwa ngozi laini mwenyewe, kwa sababu mimi si mtu wa kumpa mgonjwa tairi tupu.

Jumatatu niliondoka Nyeri mapema na pikipiki yangu kwenda Endarasha. Nilikusudia kumkuta mzee nyumbani kabla hajaenda shambani, na nilikuwa nimeandaa hotuba. Sikuijua nyumba, nikasimama deri kuuliza njia. Umande ulikuwa umeganda kwenye majani, meupe kabisa, na watu walikuwa kwenye foleni wakipumua moshi: wanawake, wasichana, watoto wenye pua zinazotiririka. Mbele yao palikuwa na kofia nyeusi. Chini ya ile kofia, juu ya nyusi, palikuwa na ukamba.

Wanawake hawakuwa wamenyamaza.

"Baba Nyambura, hiyo ukamba imekupenda!"

"Kesho ulete na kuni!"

"Mkikuta bibi yake mwambieni mimi nataka kama huyo!"

"Chekeni," Mzee Gichuki akasema, akitazama mbele. "Mimi nilikuja wa kwanza kwa laini, nyinyi mnacheka mkiwa nyuma."

Aliniona. Nilizima pikipiki. Tulitazamana.

"Daktari," alisema, "usiseme kitu."

"Sijasema kitu."

"Uso yako imesema."

Nilimuuliza Nyambura yuko wapi. Alionyesha kwa kidevu upande wa shule. "Alitoka nyumbani jua ikiwa imetoka, amekunywa chai, kama mtoto ya mzungu. Jioni anasukuma ukuta ya jikoni. Majirani wanauliza kama tunabomoa."

Alitua mkebe wake kwa mpimaji, na ukamba ulipotoka niliona alama nyekundu kwenye paji la uso, pana, kutoka sikio hadi sikio. Alishusha kofia juu yake. Nilimpa zile kabari. Alizigeuza, akazikunja, akazinusa, akazitia ndani ya koti pale alipokuwa akiweka eksirei.

Msidhani visigino vilipona kesho yake. Havifanyi hivyo, na yeyote atakayewaahidi hivyo anawauzia kitu. Vilipungua polepole. Siku za michezo vilirudi, akasukuma ukuta wa jikoni, vikapungua tena. Lakini hakuchelewa tena, na mwalimu mkuu, ambaye sasa alikuwa hana la kumwandikia, alimwandikia mtihani.

Wiki chache kabla ya mtihani nilipita tena Endarasha. Nyambura alinijia mbio, mguu mzima chini, kisigino kwanza. Nilimminya huku na huku, akacheka. Nikateremka hadi mtoni nikamkuta baba yake anavuka gogo, mkebe mgongoni, amenyooka kuliko mama yeyote wa kijiji kile. Nilikuwa na habari njema, na safari hii nilikuwa na hakika nayo.

"Mzee," nikamwambia, "mtoto amepona vizuri. Sasa anaweza kuanza kubeba tena, kidogo kidogo."

Alisimama, akavuta ukamba ukakaa sawa kwenye paji la uso, akanitazama juu na chini pamoja na koti langu.

"Nani amekuuliza?" alisema, akaanza kupanda mlima.